Jinsi ya kuunganisha biashara za kijamii Nairobi bila kuishia kwa chai na samosa

Kama uko Nairobi na unafanya biashara yenye lengo la kusaidia watu, lazima ushaalikwa kwa kikao cha kuunda netiweki. Ukumbi wa hoteli Westlands ama Kilimani, chai ya saa nne na samosa, jina lako limening'inia shingoni, mnapewa vikaratasi vya rangi muandike changamoto zenu mbandike ukutani, alafu saa kumi watu wanapanga laini wakisaini wapate fare ya kurudi nyumbani. Grupu ya wasapu inafunguliwa siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza ni salamu na makofi, wiki ya tatu ni mchango wa mazishi na linki za kubeti, mwezi wa pili hakuna mtu anasoma. Si ati watu ni wabaya, ni vile hakuna kitu kiliwaunganisha zaidi ya ile fare.

Mimi nasema anza na oda. Watu wawili wakiuziana kitu na pesa ikalipwa, tayari wameungana, hata kama hawajawahi kukaa kwa ukumbi mmoja. Watu hamsini wakikaa ukumbini na hakuna aliyenunua kitu cha mwenzake, hiyo ilikuwa tu siku ya kutoka nyumbani. Kwa hivyo haya maelezo yanakuja kinyume na venye wafadhili wengi hupanga: biashara kwanza, karatasi baadaye, kikao mwisho.

Tuelewane kidogo ni nani naongelea. Biashara ya kijamii inauza kitu cha maana kwa bei ya maana, lakini sababu ya kuwepo ni shida fulani ya watu ama ya mazingira, na faida inarudi kusukuma hiyo kazi. Nairobi tumekuwa nazo kitambo. Kazuri kule Karen ilianza 1975 na akina mama wawili waliokuwa wanalea watoto peke yao, wakitengeneza shanga za udongo. Sanergy wakaja na vyoo vya Fresh Life mtaa wa Mukuru, vikiendeshwa na watu wa mtaa kama biashara yao, na kinachotolewa chooni kinageuzwa mbolea na chakula cha mifugo. Nzambi Matee wa Gjenge Makers anachanganya plastiki na mchanga anatoa matofali ya kupanga chini, na 2020 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wakamtambua kama mmoja wa mabingwa vijana wa mazingira duniani. Hizo ni zile zimejulikana. Nyuma yake kuna mamia ya vikundi vya watu kumi, kumi na tano, Korogocho, Kayole, Kibera, Mathare, ambavyo hakuna mtu amewahi kuviandika gazetini na ndivyo vinahitaji kushikana zaidi.

Zunguka na daftari

Usitume fomu ya mtandaoni. Mama anayeshona pedi za kufua hatajaza maswali thelathini kwa simu akiwa na bando ya shilingi ishirini, na akijaza ataandika kile anafikiri unataka kusikia. Nenda kwake. Beba daftari la kawaida, chora mistari, na uulize kila mtu vitu vinne tu: unauza nini, unanunua nini kila wiki, unatupa nini, na ni nini imekukwamisha mwezi huu.

Swali la tatu ndilo watu husahau kuuliza na ndilo lina pesa. Zunguka hata mtaa mmoja tu utaona. Fundi wa yunifomu anatupa magunia ya vipande vya kitambaa, na hatua chache kutoka kwake kuna kikundi cha vijana wanatengeneza mito na wananunua vya kujazia kutoka soko la Gikomba. Pale soko la Marikiti kila jioni kuna kabeji zilizooza na maganda ya ndizi mpaka huwezi kupita vizuri, na kuna mtu Ruai anafuga funza wa inzi askari mweusi ambaye anatafuta taka za mboga kama dhahabu, juu hao funza ndio protini ya chakula cha kuku. Mwenye kuku naye analia bei ya chakula imempiga. Muuza makaa anafagia vumbi lake anamwaga mtaroni, na mwenye kutengeneza briketi, yale makaa ya kubana, amepanda matatu mbili kulitafuta hilo hilo vumbi. Hawa watu hawajuani. Kazi yako ya kwanza wewe unayetaka kuunda netiweki ni kuwajulisha, kwa simu, siku hiyo hiyo, "Mama, niko na kijana hapa anataka vile vipande, gunia moja utampea kwa ngapi?" na kumaliza hiyo deal kabla hujaenda kwa mwingine.

Biashara sita ama nane zinatosha kuanza. Ukianza na arobaini utakuwa unapiga simu ya kubembeleza watu mwaka mzima.

Na usichukue zote za aina moja. Nimeona mtu akikusanya vikundi kumi na viwili, vyote vya shanga, alafu anashangaa mbona wanafichana wateja. Changanya: mmoja wa taka, mmoja wa chakula, fundi, mwenye sabuni, mtu wa usafirishaji hata kama ni wa tuktuk moja, na angalau mmoja aliyezoea karatasi za ofisi.

Tafuteni oda moja ya pamoja

Hapa tukae kidogo, manake hapa ndipo netiweki inashika ama inavunjika.

Chukua mfano wa zawadi za mwisho wa mwaka. Kampuni inataka mifuko 300 ya kupea wafanyakazi na wateja wake: mfuko wa kitenge, ndani sabuni mbili na chupa ya asali. Hakuna mmoja wenu anaeza hiyo oda peke yake. Pamoja mnaeza. Sasa kaeni chini mfanye hesabu kwa sauti, kila mtu akiona namba ya mwenzake. Mfuko 550. Sabuni mbili 300. Asali 400. Kupakia na kusafirisha 100. Anayeshika oda, yaani anayeongea na kampuni, kuandika invoisi na kupokea lawama, 100. Na 50 inaingia kwa kikapu cha pamoja, nitafika hapo. Jumla 1,500 kwa mfuko, mara 300 ni 450,000. Ukificha hiyo hesabu, hata kama hujaiba, mtu atasema umeiba. Iandike kwa karatasi, kila mtu apige picha abaki nayo.

Bei mkishaelewana, angalieni siku. Kikundi kina mashine sita, kila fundi akitoa mifuko minane kwa siku hiyo ni 48, kwa hivyo mifuko 300 ni siku sita na kitu, ongeza siku mbili za stima kupotea na moja ya mtoto wa mtu kuugua. Hiyo ni sawa. Lakini sabuni ya kutengenezwa bila kupikwa inahitaji wiki nne hadi sita ikauke kabisa, na ikikauka inapungua uzito. Ukiipima ikiwa mbichi ukaandika gramu 100 kwa lebo, itafika kwa mteja ikiwa pungufu, na yule mtu wa ununuzi kwa kampuni ako na mizani, amini. Kwa hivyo oda ya Desemba inafungwa mwisho wa Oktoba, sio Novemba tarehe ishirini vile wateja wa Nairobi hupenda, na sabuni inapimwa siku ya kupakia. Mambo kama haya ndiyo yanafundisha biashara nane kufanya kazi kama moja. Hakuna semina itakufundisha hivyo.

Kabla ya kuanza tengenezeni sampuli moja kamili, mteja aiguse, aikubali, asaini ama atume imeili aseme ndio hiyo. Hiyo sampuli ikae kwa mshika oda. Mfuko ukija na mshono umepinda unawekwa kando ya sampuli na hakuna haja ya kelele, kila mtu anaona. Na amueni mapema kazi mbovu inarudiwa kwa gharama ya nani. (Jibu: ya aliyeitengeneza. Ukianza kuhurumia hapo, anayeumia ni yule aliyefanya vizuri.)

Oda za kutafuta ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kanisa linanunua viti, mapazia na joho za kwaya. Shule zinanunua yunifomu, sabuni, chakula. Hata huu mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, kaunti pamoja na shirika la Food4Education, mtoto wa shule ya msingi anakula na mzazi analipa shilingi 5 tu, fikiria jiko kubwa la aina hiyo linahitaji mboga, mchele na maharagwe kiasi gani. Sisemi utaingia huko kesho. Nasema ujue chakula cha watoto ni soko, na soko la namna hiyo halinunui kwa mtu wa debe mbili.

Pesa za kuchelewa ndizo zinaua

Kampuni moja, sitaitaja, ilichukua mzigo wetu ikakaa nao karibu miezi mitatu bila kulipa, kila ukipiga simu unaambiwa cheki iko kwa bosi, bosi amesafiri, bosi amerudi lakini mhasibu yuko likizo. Kampuni kubwa ikichelewesha laki mbili haisikii chochote. Mama wa kikundi akicheleweshewa elfu kumi na mbili, mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shule, na wiki ijayo hatakubali oda ya netiweki tena, na utamlaumu aje?

Kwa hivyo mambo matatu. Kwanza, LPO, yaani oda rasmi ya kampuni kwa karatasi, ama mkataba ulioandikwa kabla ya kukata kitambaa, na nusu ya pesa mbele. Kampuni nyingi zitakuambia sera yao hairuhusu. Ombeni angalau ya kununua malighafi, na wakikataa kabisa chukueni oda ndogo kwanza, hamsini badala ya mia tatu. Pili, hiyo 50 ya kila mfuko niliyosema. Kwa oda ya 300 ni 15,000, na hiyo inakaa kwa akaunti ya pamoja kama ya chama. Kazi yake ni moja tu, kumlipa aliye mnyonge zaidi wakati mteja anazungusha, alafu inarudishwa mteja akilipa. Sio ya kukopeshana ya Krismasi. Watu wa table banking, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana pesa kwa kikao, wanajua hii kazi vizuri sana kuliko washauri wengi, muulize mama yeyote wa chama. Tatu, akaunti iwe ya benki na wasaini watatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wawili wasaini ndio pesa itoke. Pesa ya watu wanane kukaa kwa M-Pesa ya mtu mmoja ni kumtafutia huyo mtu dhambi.

Alafu kuna mambo ya KRA, watu wa kodi, ambayo hayakwepeki. Tangu 1 Januari 2024, kampuni haiwezi kuhesabu gharama zake kwa kodi bila invoisi ya eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, kwa hivyo hata wakupende vipi, bila hiyo invoisi wanaona hasara. Wadogo wanaeza kuitoa kwa simu kwa kubonyeza *222#. Hakikisheni angalau mshika oda amejisajili na anajua kuitumia kabla ya mzigo kufika, sio mkiwa mmesimama getini Industrial Area. Sabuni na chakula pia vitaulizwa alama ya KEBS, shirika la viwango, na anayebeba taka ataulizwa leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Ukiwa na mmoja kwa netiweki ambaye ashapitia hiyo njia, awapeleke wengine mkono kwa mkono. Huo ni msaada mkubwa kuliko mafunzo ya siku tatu.

Karatasi ya usajili

Kenya haina sheria maalum ya biashara za kijamii, kwa hivyo kila mtu anavaa nguo ya wengine. Kikundi cha watu kumi na zaidi kinaeza kusajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, pale ofisi ya maendeleo ya jamii, na kwa wengi hiyo inatosha. Ushirika nao unataka watu kumi kwenda juu na unafaa kama mnauza kitu kimoja kwa pamoja. Kampuni mnasajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kuna ile isiyo na hisa ambayo faida haigawanywi, wafadhili wanaipenda. Mashirika ya manufaa ya umma yako chini ya sheria ya PBO, ambayo ilipitishwa 2013 ikakaa kabatini mpaka 14 Mei 2024 ndio ikaanza kufanya kazi. Ushauri wangu: netiweki yenyewe msiisajili mwaka wa kwanza. Andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano, nani anafanya nini, pesa inagawanywa vipi, mtu anatoka vipi, wote msaini, mtumie karatasi za mwanachama mmoja ambaye tayari amesajiliwa. Nimeona netiweki zikigombania nani awe mwenyekiti wa kitu ambacho hakijawahi kuuza hata kalamu.

Kama wengi wenu ni vijana, akina mama ama watu wenye ulemavu, kuna AGPO, ile asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengewa watu kama nyinyi. Kikundi kiwe na angalau asilimia 70 ya hao watu na uongozi wote uwe wao. Cheti ni kizuri kuwa nacho. Lakini serikali pia inachelewa kulipa, saa zingine kuliko hiyo kampuni niliyosema, kwa hivyo msiweke mayai yote hapo mkiwa bado wachanga.

Wasapu na vikao

Grupu iwe ya vitu vitatu: oda imekuja, nahitaji kitu, niko na kitu cha kuuza ama kutupa. Salamu, dini, siasa na matanga viende kwa grupu nyingine, na mfungue hiyo nyingine kweli, juu watu wanahitaji mahali pa kuambiana pole. Kikao kimoja kwa mwezi, kwa karakana ya mwanachama, kila mwezi kwa mwingine, mkae kwa hayo magunia mkiona kazi ya mwenzenu inavyofanyika. Hakuna fare. Mwenye nyumba atoe chai kama anataka. Jumamosi msijaribu, Jumamosi ya Nairobi ni ya mazishi na ruracio (sherehe za mahari), na asubuhi mama mboga hayuko, ametoka Marikiti akafungua kibanda. Jumanne saa nane mchana imeonekana kufaa wengi.

Kama wewe ni wa kusaidia

Labda uko kwa NGO, kampuni, kanisa, ama ni mtu tu ana roho na pesa kidogo. Msaada wa kwanza ni kununua. Wa pili ni kulipa ndani ya siku thelathini. Ukishafanya hivyo viwili tayari umewashinda wengi wanaojiita washirika. Baada ya hapo, kama bado uko na nguvu, lipia kitu ambacho hakuna mtu hutaka kulipia: mshahara wa nusu siku wa mshika oda, mizani nzuri, ada ya KEBS, kodi ya stoo. Wafadhili hupenda kununua mashine yenye stika yao, na mashine nyingi Nairobi zimefunikwa na karatasi ya nailoni kwa kona juu hakuna oda ya kuziendesha.

Usibebe mpiga picha wako siku ya kwanza. Picha za watoto na za watu wanaopokea msaada zinahitaji ruhusa yao, na kwa mtoto ruhusa ya mzazi ama mlezi, sheria ya kulinda data ya 2019 inasema hivyo, na hata ingekuwa haisemi, muulize mtu kabla ya kumuweka kwa bango. Pia usiwalazimishe watu wanane waandike ripoti nane za mitindo minane. Kama mko wafadhili watatu kwa netiweki moja, kubalianeni ripoti moja, nyinyi ndio mko na makoti na laptopu.

Kuhesabu mabadiliko

Ile kusema tumefikia watu elfu tano haimaanishi kitu, hata anayepita na spika barabarani amefikia elfu tano. Hesabuni vitu mnavyoeza kumuonyesha mtu kwa daftari: mwezi huu ni watu wangapi wamelipwa na kila mmoja ngapi, kilo ngapi za taka hazikwenda jaa la Dandora, watoto wangapi wamekula, na ile ninayoipenda zaidi, ni mara ngapi mwanachama amenunua kwa mwanachama. Hiyo ya mwisho ikishuka miezi miwili mfululizo, kuna ugomvi mahali ama bei ya mtu imepanda, nendeni mkaulize kabla haijawa siri ya kila mtu. Safu tano kwa daftari, katibu anajaza siku ya kikao, wote wakiangalia. Mkipata mtu wa kuweka kwa eksel ni vizuri, lakini daftari lisiachwe, simu huibiwa.

Kuhusu wanachama wapya, wataanza kuja mkishalipwa oda mbili tatu, na wengine watakuja na jina kubwa na proposo kubwa. Mpya anaingia kwa kufanya oda moja na nyinyi kama msaidizi, analipwa kama wengine, alafu mnaamua. Anayetaka kutoka anamaliza oda aliyoanza, analipwa chake, na sehemu yake ya kikapu anarudishiwa ndani ya mwezi. Hilo liandikwe kwa ule ukurasa mmoja kabla mtu yeyote hajawaza kutoka, manake siku ya ugomvi hakuna mtu atakubali kuandika chochote.